Njia Mbili Zinazokatika Pamoja Ni Njia Moja

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zinazolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu kwa wakati mmoja huko kusini, kwenye maji ya kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. NetBlocks, wanaofuatilia hali ya intaneti duniani, waliiweka Tanzania pamoja na visiwa vya Mayotte kwenye kundi la walioathirika zaidi. Msumbiji na Malawi zikafuata. Kwetu hapa Tanzania picha za WhatsApp zilizunguka bila kufunguka, malipo ya mtandaoni yakakwama, na ofisi zilizohamishia kila kitu nje ya nchi zikabaki na kompyuta zinazowaka tu.

Swali lililoulizwa sana siku zile, kwenye daladala mpaka kwenye vikao vya mabosi, lilikuwa hili: si tuliambiwa tuna mkongo zaidi ya mmoja? Kama mmoja umekatika, ule mwingine unafanya nini?

Ni swali la haki, na kulijibu ndiyo kazi yangu. Mimi hupanga mtandao. Nakaa na ramani na majedwali ya mzigo wa laini, napendekeza laini ipi iongezwe uwezo na lini, na pakiti, yaani vipande vya data, zipite wapi siku zikishindwa kupita zilipozoea. Kwenye mashirika mengi kazi hii imekatwa vipande viwili: kuna ofisi ya uwezo, inayonunua laini, na kuna ofisi ya njia, inayopanga ruta, mitambo inayoelekeza data. Mimi naamini kwa dhati kwamba mgawanyo huo ndio unaotuumiza. Ukinunua laini bila kujua itabeba mzigo wa nani siku ya ajali, umenunua nusu ya laini. Ukipanga njia ya akiba bila kujua ina nafasi kiasi gani, hiyo akiba haipo.

Tuanze na ile Jumapili. EASSy na Seacom zote mbili hutokea nchi kavu pale Mtunzini, kwenye pwani ya KwaZulu-Natal. Ni mikongo ya wamiliki tofauti, yenye mikataba tofauti, na kwenye ramani za matangazo imechorwa kwa rangi tofauti, lakini upande ule inakaribiana mno. Wakati huohuo, kaskazini kulikuwa na jeraha la zamani. Mwishoni mwa Februari mwaka huo Seacom na mikongo mingine miwili, AAE-1 na EIG, zilikatika kwenye Bahari ya Shamu, na inaaminika kwamba ziliburutwa na nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa kombora na kuachwa ikielea bila watu. Kwa hiyo mzigo uliokuwa ukipanda kaskazini kwa Seacom ulikuwa umeshageuzwa kushuka kusini. Miezi miwili na nusu baadaye kusini nako kukakatika. Waliohesabu mikongo miwili walihesabu sawa, ila hawakuhesabu mahali inapopita.

Sisi wapangaji tuna dhana ya laini zenye hatari moja. Laini mbili zina hatari moja kama zinalala kwenye mtaro mmoja, zinaning'inia kwenye nguzo zilezile, zinaingia kituo kimoja, au zinategemea jenereta moja. Tukio moja linazichukua zote. Na ni jambo ambalo hulioni kwenye ankara wala kwenye mkataba. Unaliona ukienda mwenyewe. Nimewahi kusimama kwenye daraja moja la barabara kuu, msimu wa mvua, nikitazama mabomba matatu ya faiba ya kampuni tatu, kila moja na rangi yake, yamefungwa kwa vyuma upande uleule wa daraja, chini kidogo ya ukingo. Mashimo ya ukaguzi yalikuwa yamepangana, mfuniko kwa mfuniko. Maji ya mto yalikuwa yameshakula udongo wa nguzo ya pembeni. Kwenye majedwali ya ofisini, mji ulio ng'ambo ya daraja lile uliandikwa kuwa una njia tatu.

Kenya waliyaonja haya mapema. Februari 2012 meli moja ilitia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari ya Mombasa na kuukata TEAMS, mkongo unaotoka Mombasa kwenda Fujairah, Falme za Kiarabu. Mikongo yote ya nchi inapotua kwenye mji mmoja wa bandari, nanga za bandari hiyo zinakuwa sehemu ya mpango wako wa uwezo, upende usipende.

Sasa, kwa nini laini hukusanyika pamoja kiasi hiki? Uzembe upo, lakini sababu kubwa ni ya hesabu. Kukusanya mzigo kuna faida halisi, na aliyeifanya faida hiyo ipimike ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyezaliwa 1878 na kuajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Mwaka 1909 alionyesha kwamba simu za watu wasiojuana hufika kwa bahati nasibu inayofuata kanuni ya hesabu za uwezekano iitwayo Poisson. Mwaka 1917 alichapisha fomula ambazo mpaka leo ndizo tunazofundishwa kwanza. Kipimo cha mzigo kinaitwa kwa jina lake: erlangi moja ni chaneli moja, yaani nafasi ya simu moja, inayotumika saa nzima bila kupumzika, sawa na watu 20 walioongea dakika tatu kila mmoja ndani ya saa hiyo.

Chukua miji miwili, kila mmoja una mzigo wa erlangi 5 saa ya kilele. Unataka katika kila simu 100 isizidi moja itakayokuta laini zimejaa. Fomula inasema kila mji unahitaji chaneli 11, jumla 22. Lakini ukiukusanya mzigo wa miji yote miwili kwenye kundi moja, erlangi 10 zinahitaji chaneli 18 tu. Ukifika erlangi 100, chaneli 117 zinatosha. Kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo nafasi ya ziada inavyopungua kwa uwiano, kwa sababu watu wa Morogoro hawapigi simu kwa wakati mmoja na watu wa Dodoma, na mapengo ya hawa yanazibwa na wale.

Hapo ndipo mhasibu anapofurahi, na ana haki ya kufurahi. Bomba moja kubwa ni nafuu kuliko mabomba mawili ya wastani. Ila fomula ya Erlang inajibu swali moja tu, yaani simu ngapi zitakataliwa ikiwa laini zote ni nzima. Haijaulizwa kuhusu greda la barabara linalokata faiba. Kila ukikusanya mzigo unapata nafuu ya kila siku na unapandisha bei ya siku moja mbaya, na mpangaji anayeonyesha bosi wake nafuu hiyo bila kuonyesha bei hiyo hajamaliza kazi.

Jambo linakuwa tamu zaidi, na gumu zaidi, huduma zinapokuwa nyingi juu ya mtandao mmoja. Enzi za Erlang kila simu ilikula chaneli moja. Leo sauti, video, SMS, kadi za benki, kamera za ulinzi, mita za umeme na mikutano ya Zoom zote zinapita humohumo, na kila moja ina tabia yake. Mwaka 1981 watafiti Kaufman na Roberts, kila mmoja kwa upande wake, walitoa njia fupi ya kuhesabu huduma za ukubwa tofauti zinapogombania laini moja. Nimeifanya hesabu yao kwa mfano mdogo unaoweza kuurudia kwa kikokotoo. Laini ya E1, aina ya laini ya simu ya kidijitali, yenye chaneli 30 za kilobiti 64 kila moja. Sauti inaleta erlangi 10, kila simu chaneli moja. Mikutano ya video ya kilobiti 384 inaleta erlangi 1, kila mkutano chaneli sita. Kwa wastani mzigo wote ni chaneli 16 kati ya 30, karibu nusu. Ukiangalia wastani utasema laini hii imelala.

Matokeo: simu za sauti zinazokataliwa ni asilimia 0.8. Mikutano ya video inayokataliwa ni asilimia 8.5. Laini ni moja na saa ni moja, lakini mwenye video anapata shida mara kumi ya mwenye sauti.

Aliyewahi kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni analijua hili bila fomula. Pantoni likibakiwa na nafasi kidogo, bodaboda hupenya, na ikitokea nafasi nyingine kidogo, bodaboda mwingine hupenya, na lori linaendelea kusubiri nafasi kubwa isiyopatikana kamwe, kwa sababu kila kinachotokea huliwa na wadogo kabla hakijakua. Dawa yake kwenye mtandao ni kuhifadhi nafasi: chaneli zilizo wazi zikifika tano au pungufu, simu mpya ya sauti nayo ikataliwe. Ukifanya hivyo, sauti na video zinakataliwa kwa kiwango kilekile. Kama ni haki au si haki kuwasawazisha, hilo si la fomula. Ni uamuzi wa mtu, na ningependa mtu huyo ajulikane na aweze kuulizwa.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote kwenye kazi hii hauhusu huduma kubwa. Unahusu huduma ndogo kuliko zote kwa biti, ambayo kwetu ndiyo kubwa kuliko zote kwa maisha ya watu: pesa kwa simu.

Bonyeza nyota, 150, nyota, sifuri sifuri, reli. Inakuja menyu. Unachagua kutuma pesa, unaandika namba, unaandika kiasi, unaweka namba ya siri, unathibitisha. Maandishi yote hayo ni machache kuliko kipande kidogo cha picha moja ya WhatsApp. Kwenye ripoti ya data ya mwezi huwezi hata kuyaona. Sasa twende tukaangalie mnara.

Mnara mdogo wa kijijini wenye redio moja ya GSM, teknolojia ya simu za mkononi ya kizazi cha pili, una nafasi nane za muda. Kwa mpangilio wa kawaida, moja inatangaza kwamba mnara upo, sita ni za kuongea, na moja inagawanywa kuwa chaneli ndogo nane za maelekezo, zinazoitwa SDCCH. Kila simu inayoanza hupita kwanza kwenye chaneli hizi ndogo. Simu inayojitambulisha mnarani nayo hupita humo. SMS pia. Na menyu ya pesa, tofauti na hizo zote, hukaa humo mwanzo mpaka mwisho. Wakati bibi anatafuta miwani asome namba aliyoandikiwa kwenye karatasi, chaneli imeshikwa. Wakati wakala anamsomea mteja jina kwa sauti ili ahakikishe, chaneli imeshikwa.

Kwa fomula ya Erlang, chaneli nane zikitakiwa kukataa asilimia 1 tu zinabeba erlangi 3.13. Kama kila anayezitumia anakaa sekunde nne, kiasi cha kuanzisha simu, mnara huo utahudumia zaidi ya watu 2,800 kwa saa. Kama anakaa dakika moja kutuma pesa, utahudumia 188 tu. Kwenye chaneli ile, muamala mmoja wa pesa una uzito wa kuanzisha simu 15. Vitabu vingi vya GSM viliandikwa Ulaya, ambako menyu ya nyota ilikuwa ya kuangalia salio tu. Ukikopi vipimo vyao ukavipeleka kijiji chenye gulio, tarehe za mwisho wa mwezi, utapata hali ya ajabu: chaneli za kuongea ziko tupu, mita zinaonyesha mnara una nafasi tele, na watu hawawezi kupiga simu. Wanashindwa mlangoni, kwa sababu mlango umejaa watu wanaotuma ada ya shule.

Dawa ipo na si ya gharama kubwa. Unaongeza nafasi za maelekezo, au unauruhusu mnara wenyewe ugeuze nafasi ya kuongea kuwa ya maelekezo pale inapobidi. Lakini lazima kwanza uione shida, na huwezi kuiona kama unapanga uwezo kwa gigabaiti. Hilo ndilo ninalogombana nalo kila bajeti inapoandaliwa. Jedwali linapangwa kwa ukubwa wa data, video iko juu kabisa, pesa haimo, na fedha zinafuata mpangilio wa jedwali. Mimi nataka jedwali la pili pembeni yake, lililopangwa kwa swali hili: huduma hii ikizimwa kwa muda wa saa tatu, nani anaumia na kiasi gani?

Tukiingia kwenye data, Erlang hatoshi tena. Pakiti haikataliwi kama simu. Inasubiri, na ikikosa pa kusubiria inatupwa. Kwa foleni iliyo rahisi kuliko zote kwenye hesabu, laini ikijaa nusu, muda wa kupita unakuwa mara mbili ya ule wa laini tupu. Ikifika asilimia 90 ni mara kumi, asilimia 99 ni mara mia. Na mzigo halisi una vishindo vya ghafla kuliko hesabu hiyo inavyodhani. Leland, Taqqu, Willinger na Wilson walipima mtandao wa Bellcore, kampuni ya utafiti wa simu kule Marekani, na mwaka 1993 wakaonyesha kwamba vishindo vya data havilainiki unaporefusha muda wa kupima, tofauti na simu. Kwa hiyo grafu ya wastani wa dakika tano, ile yenye mstari mzuri wa kijani, inaweza kusema asilimia 60 huku ndani yake kuna sekunde nyingi zilizojaa kabisa na sauti za watu zinakatika vipande.

Hapa ndipo penye mabishano ya milele na watu wa fedha. Napeleka maombi ya kuongeza laini iliyojaa asilimia 48. Naulizwa, kwa nini unataka kununua kitu wakati kilichopo hakijatumika hata nusu? Jibu ni kwamba laini ile ina mwenzake, na mwenzake pia amejaa asilimia 48. Mmoja akikatika, aliyebaki anaamka na asilimia 96. Kwa njia mbili, kizingiti chako ni 50 hata kama kila moja ina nafasi ya 100. Ukiwa na njia tatu zinazolingana na mzigo ukigawanyika sawa, kila moja inaweza kufika 66. Ukiwa na nne, 75. Kwa hiyo njia ya tatu ya kweli, isiyopita kwenye daraja lile, haikupi uwezo wake tu. Inafungua pia uwezo uliokuwa umefungiwa ndani ya zile mbili za kwanza. Nimeona uso wa mtu wa fedha ukibadilika nilipochora hilo ubaoni. Ni hoja ya pesa kama zilivyo hoja zake, ila imehesabiwa pamoja na siku ya ajali.

Na mzigo kugawanyika sawa si jambo linalojitokea. Ruta za ndani zinazotumia OSPF, itifaki ya kuchagua njia ndani ya mtandao, huchagua njia fupi kwa uzito, yaani namba ya gharama uliyoiandikia kila laini wewe. Laini ikikatika, mzigo wake wote unahamia njia fupi inayofuata, na mara nyingi wote unaangukia laini moja wakati nyingine ziko wazi. Fortz na Thorup walionyesha mwaka 2000 kwamba kwa kuchagua uzito kwa uangalifu unaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi kwenye laini zilezile, bila kununua chochote. Kazi hiyo ya uzito inahitaji mtu, kompyuta na wiki kadhaa za utulivu. Nimeona mitandao ambayo uzito wake uliandikwa siku ya kwanza na haukuguswa tena, na pembeni yake kuna oda ya vifaa vipya.

Nje ya mtandao wako mambo ni magumu zaidi. BGP, itifaki inayounganisha mitandao ya dunia, inajua kama njia ipo. Haijui kama njia ina nafasi. Mikongo ilipokatika ile Jumapili, ruta zilifanya zilichofundishwa: zikatafuta njia nyingine, zikaipata, zikaisukumia mzigo wote. Njia iliyobaki ilikuwa hai na imekabwa kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu watu wengi hawakuona intaneti imezimika kabisa. Waliona kitu kinachofunguka kidogo halafu kinakufa, na kwa mtumiaji hali hiyo inachosha kuliko kuzimika, maana anaendelea kujaribu, na kila jaribio linaongeza mzigo.

Watu wa simu walilijua tatizo hili miaka mingi kabla. Simu inayozunguka kupitia mji wa tatu hula laini mbili badala ya moja. Mtandao ukiwa na nafasi, kuzungusha simu ni msaada. Mtandao ukijaa, kila simu iliyozungushwa inaziba nafasi ya simu mbili za moja kwa moja, nazo zinazungushwa, zinaziba nyingine nne, mpaka mtandao wote unabeba watu wachache kuliko ungebeba kama kusingekuwa na njia ya kuzunguka kabisa. Gibbens, Kelly na Key walipobuni namna ya kuelekeza simu iliyokuja kutumiwa na British Telecom, waliweka kinga mbili zinazonifurahisha kwa ufupi wake. Ya kwanza: njia ya kuzunguka ikifaa, endelea nayo, ikishindwa, bahatisha nyingine. Ya pili: kila laini iweke chaneli chache ambazo simu zinazozunguka haziruhusiwi kuzigusa. Chaneli chache tu, na mtandao hauporomoki. Huu ndio ushahidi wangu mkubwa kwamba uwezo na njia ni uamuzi mmoja. Kanuni ya njia inaamua laini uliyoinunua inabeba watu wangapi.

Kwenye mitandao ya pakiti kinga inayofanana ni alama za kipaumbele. Kila pakiti inaweza kubeba alama inayosema mimi ni sauti, mimi ni muamala, mimi ni video, na ruta ikawa na foleni tofauti kwa kila kundi. Viwango vyake vipo tangu 1998. Vifaa vyetu vinaviweza. Kinachokosekana ni uamuzi wa nani apunguzwe kwanza siku njia ikikatika, na uamuzi huo hauwezi kufanywa saa nne usiku na kijana wa zamu aliyeachwa peke yake na simu kumi zinazolia.

Msimamo wangu ni huu. Video ishushwe ubora kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu video ya ubora wa chini bado inaonekana lakini muamala uliokatika katikati unamwacha mtu dirishani hospitalini. Masasisho ya simu na programu yasubiri. Sauti, namba ya dharura 112, pesa na mifumo ya hospitali vipite hata kama laini imebaki robo. Haya yaandikwe mapema, yatangazwe hadharani, na yafuate aina ya huduma bila kuangalia ni kampuni gani inayoitoa. Mtu mwenye bando kubwa atalalamika, na namwelewa, amelipia. Lakini siku ile nafasi haipo, na kuigawa kwa kimya ni kuigawa kwa aliyewahi, yaani kwa programu inayojaribu mara nyingi zaidi kwa sekunde.

Kuna njia nyingine ya kupata uwezo ambayo haihitaji meli wala mtaro, nayo ni kuacha kupeleka nje kisichohusika na nje. Kabla ya KIXP, kituo cha kampuni za intaneti kubadilishana mzigo ndani ya nchi kule Nairobi, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine mtaa wa pili ilipanda satelaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu, ikashukia ng'ambo, ikarudi vivyo hivyo. KIXP ilianza 2000, ikafungwa kwa amri ya mdhibiti, ikafunguliwa tena 2002, na leo hakuna anayeweza kufikiria mtandao wa Kenya bila hiyo. Mitambo ya M-Pesa ya Safaricom yenyewe ilikuwa Ujerumani mpaka ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kabla ya hapo muamala wa mtu wa Gikomba, Nairobi, kwenda kwa jirani yake ulikuwa unategemea bahari. Kwetu Dar es Salaam kuna TIX, kituo cha aina hiyohiyo, na kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii huweka akiba za maudhui karibu na watumiaji. Kila ninapoona taasisi ya umma inahamishia mfumo wa wananchi kwenye seva ya bara jingine kwa sababu bei ya mwezi ni nafuu, natamani mtu aongeze kwenye bei hiyo gharama ya siku kama 12 Mei.

Mikongo mipya inakuja. PEACE ulifika Mombasa 2022, na 2Africa, unaozunguka bara kwa urefu wa kilomita kama 45,000, ulifika pwani ya Dar es Salaam 2023. Nimefurahi sana, nasema bila kusita. Mkongo wa Taifa nao umesambaa mikoani, kwa sehemu ukibebwa na nguzo za umeme za TANESCO, na nchi jirani zisizo na bahari hupitisha mzigo wao humo. Lakini kabla ya mtu kusaini mkataba wa laini ya akiba, aombe ramani ya mtaro wenyewe, mita kwa mita, kutoka ufukweni mpaka chumba cha ruta, aiweke juu ya ramani ya laini aliyonayo, na atembelee kila mahali zinapogusana. Mkataba useme kwamba njia hiyo haitahamishwa bila taarifa, kwa sababu mwenye laini akipata ukarabati anaweza kuihamishia kwenye mtaro wa jirani na wewe usijue mpaka mtaro ule ukatwe.

Halafu laini izimwe kwa makusudi, ili ijulikane. Jaribio hili hufanywa mara nyingi saa tisa usiku, wakati mzigo ni mdogo, na ripoti inasema kila kitu kilihamia njia ya akiba vizuri. Saa tisa usiku hata uzi mwembamba unatosha. Lifanywe Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa mbili usiku, mishahara imetoka, watu wamerudi nyumbani na wanatuma pesa huku video zinacheza. Watangaziwe wateja na mdhibiti siku kadhaa kabla, mafundi wakae tayari kuirudisha laini ndani ya sekunde chache, na macho ya kwanza yawe kwenye chaneli za maelekezo za minara ya vijijini, kwenye foleni ya miamala na kwenye simu za 112, ndipo yahamie kwenye grafu ya gigabiti.